Ralph Teetor: kipofu aliyefundisha gari kushika mwendo

Rafiki yetu mumoja wa hapa Goma alituomba tumusindikize kwenda kuangalia jeep ya kifahari. Hakutaka kuinunua. Alitaka kuikodi mwaka muzima: kila mwezi analipa dola walizopatana, na mwaka ukiisha anairudisha ao wanaandika mukataba mupya. Mwenye gari alitupandisha ndani, akawasha motere, kiisha akaanza kutuonyesha vitufe vya volani, kimoja kimoja. Hiki kinashika mwendo, na shofere anapumuzisha muguu. Hiki kinapima umbali wa gari ya mbele. Hiki kinalia kama unatoka mu mustari wako. Na kwa kila kitufe, beyi ya mwezi ilikuwa inapanda.

Rafiki yetu alifurahi sana. Sisi tulikuwa tunaangalia inje: mawe ya volkano, moto zinapita kushoto na kuume, chukudu imejaa magunia ya makala. Tukajiuliza juu ya kile kitufe cha kwanza, cha kushika mwendo, kile wanaita regulatere. Ni nani alikitafuta, na alikitafutia nini? Tulipofika nyumbani tukasoma, na jibu lilitushangaza. Mutu aliyekianzisha hakuwa anaona barabara. Hakuwa anaona hata volani. Alikuwa kipofu tangu utoto.

Jina lake ni Ralph Teetor. Kwao Marekani, watu wa kazi ya magari wanamujua muzuri. Huku kwetu tunapanda gari zenye kazi yake ndani bila kujua jina lake. Njo maana leo tunaeleza maisha yake, juu tunafikiri yanaweza kumusaidia yeyote anayetaka kutia sahihi ku mukataba wa gari yenye vitufe vingi.

Mutoto wa atelie

Ralph Teetor alizaliwa tarehe 17 Agosti 1890 mu Hagerstown, muji mudogo wa jimbo la Indiana. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa chuma. Baba yake na ndugu za baba walikuwa na kiwanda. Walianza kwa kutengeneza vigari vidogo vya kupita juu ya reli, vile wafanyakazi wanapanda ili kukagua njia ya treni. Nyuma waliingia mu motere za magari. Mutoto alikua mu sauti ya nyundo na harufu ya mafuta.

Alipokuwa na miaka 5, alikuwa anachezea kisu. Kisu kikamuponyoka na kumuchoma jicho moja. Jicho la pili lilikuwa zima, lakini nalo likaanza kufifia, juu wakati mwingine mwili ukiumia jicho moja unageukia hata lile lingine. Haikupita muda murefu, hakuona tena hata kidogo.

Hapa tusimame kidogo. Mu mitaa yetu tunajua ginsi jamaa nyingi zinafanya na mutoto kipofu. Wanamupenda, wanamulisha, wanamukalisha pembeni. Wazazi wa Ralph hawakumufungia nyumbani. Walimuacha aingie atelie sawa watoto wengine, aguse masini, aumie vidole, ajue chuma kwa mikono. Shule alisoma na watoto wenye kuona. Na yeye mwenyewe, maisha yake yote, hakupenda watu waanze na macho yake mbele ya kuangalia kazi yake.

Mukono ulijifunza mahali jicho liliacha. Alikuwa anashika kipande cha chuma na kujua kama kiko sawa ao kimepinda, kama kimelainishwa muzuri ao bado kina mikwaruzo. Na alipokuwa na miaka 12, aliunda gari. Si gari ya kuchezea ya bati na waya sawa zile watoto wetu wanasukuma. Ilikuwa gari ya motere, na ilitembea kweli. Tukumbuke kama ilikuwa mwaka wa 1902, wakati hata mu Marekani watu wengi wa vijijini walikuwa hawajaona gari bado.

Enjeniere

Ralph alitaka kusoma uenjeniere. Haikuwa rahisi kupata universite ya kumupokea, juu wakubwa wa shule walijiuliza ginsi kipofu atachora plani na kusoma hesabu za ubao. Mwishoni Universite ya Pennsylvania ilimukubali. Binamu yake wa kike, aliyekuwa anasoma pale, ndiye aliyekuwa anamusomea vitabu kwa sauti. Ralph alikuwa anasikiliza na kuweka yote mu kichwa. Mwaka wa 1912 alipata diploma ya uenjeniere wa masini, akarudia kwao Hagerstown kufanya kazi mu kiwanda cha jamaa.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, jina lake lilianza kwenda mbali. Jeshi la maji la Marekani lilikuwa na haraka ya kupata manowari za mbio, na ndani yake kulikuwa turbini kubwa za muvuke. Kazi ngumu ilikuwa kusawazisha lile gurudumu la turbini. Kila shofere anajua ginsi volani inatetemeka kama uzito wa gurudumu hauko sawa pande zote. Sasa ufikiri kitu kizito sana kinachozunguka kwa mbio kubwa ndani ya meli: uzito ukizidi kidogo upande mumoja, mutetemo unaweza kuharibu vyote. Ralph alitafuta njia ya kusawazisha zile turbini, na njia yake ilikubaliwa. Wenye macho walikuwa wanatafuta kosa kwa kuangalia. Yeye alilisikia kwa vidole.

Mwaka wa 1922 alioa Nellie Van Antwerp, na walizaa binti mumoja, Marjorie. Kiwanda cha jamaa kiliacha kutengeneza motere nzima na kukazania kitu kimoja kidogo: segma, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni ili nguvu isipotee na mafuta yasipande. Kompani ikajulikana kwa jina la Perfect Circle. Makanika wetu wanajua: segma zikiisha, gari inavuta moshi wa bluu na kunywa mafuta. Perfect Circle ilikuwa kati ya wenye kujulikana sana mu kazi hiyo Marekani. Mwaka wa 1936 maenjeniere wa magari wa nchi nzima walimuchagua Ralph Teetor kuwa mukubwa wa chama chao. Na kuanzia 1946 aliongoza kompani yenyewe.

Kwa hiyo hakuwa maskini aliyebahatika siku moja. Alikuwa mutu wa kazi, mwenye heshima, na sawa wakubwa wengi, alikuwa anapelekwa mu gari na watu wengine. Na ni pale, ku kiti cha mupandaji, alipata wazo ambalo limebakiza jina lake.

Avoka aliyependa kuongea

Ralph alikuwa na avoka mumoja, Harry Lindsay, aliyeshughulikia hati zake za uvumbuzi. Walikuwa wanasafiri pamoja, avoka ku volani, Ralph pembeni. Lindsay alikuwa na tabia moja ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Akianza kuongea, muguu ulikuwa unalegea na gari inapunguza mwendo. Akinyamaza ili kusikiliza, muguu unakaza na gari inaruka mbele. Kuongea, kulegea, kusikiliza, kuruka. Mupandaji mwenye kuona angeangalia miti na nyumba na kusahau. Lakini Ralph hakuwa na miti wala nyumba. Alikuwa na mugongo wake, shingo yake na tumbo lake, na vyote vilikuwa vinamwambia kama gari inaendeshwa vibaya.

Sisi wa Goma hatuna haja ya kuelezewa sana. Nani hajapanda nyuma ya shofere anayeshika simu ku sikio moja? Akipata habari nzuri anakanyaga, akipata habari mbaya anasahau kukanyaga. Anayejua ubaya wa mwendo ni mupandaji, lakini pedali iko chini ya muguu wa mwingine.

Kulikuwa sababu ya pili, na ile inagusa nchi yetu. Mwaka wa 1942, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Wajapani walikuwa wameshika mashamba ya mupira ya Asia. Marekani ikakosa mupira wa kutengeneza pine. Serikali yake ikaamuru magari yasipite mwendo wa maili 35 kwa saa, ni kusema kama kilomita 56, ili pine zisiishe haraka na mafuta yabakie. Watu walijifunza kwa nguvu kuangalia mwendo wao, na Ralph aliona kama wengi hawawezi kuushika kwa muguu tu.

Upande wa huku, mwaka ule ule wa 1942, serikali ya koloni ya Wabelgiji ilipandisha siku za kazi ya lazima kufikia 120 kwa mwaka, na wanakijiji wengi wa Kongo walirudishwa mu pori kutafuta mupira, sawa wazee wao walivyoteswa nyakati za Leopold II. Ralph Teetor hakuwa na kosa mu jambo hilo. Lakini ni vizuri tujue: uhaba uliofanya Mumarekani apunguze mwendo ku barabara yake ya lami ndio uliofanya babu yetu atembee mu pori na kisu na chombo cha kukingia utomvu. Gari haijawahi kuwa kitu cha mbali na sisi, hata wakati hatukuwa na gari.

Mukono ku bega

Ralph alifanya kazi juu ya wazo lake kwa miaka mingi mu atelie. Mwaka wa 1948 aliomba hati ya uvumbuzi, na aliipata tarehe 22 Agosti 1950. Tujaribu kueleza ginsi mutambo wake ulikuwa unatumika.

Shofere alikuwa anachagua mwendo kwa kitufe ku tablo. Ndani ya mutambo kulikuwa vipande vya uzito vinavyozunguka pamoja na gari. Gari ikienda mbio, vinatawanyika kwenda inje, sawa mutoto anayezungushwa na mikono. Vikifika ku kipimo kilichochaguliwa, vinafungua njia, na nguvu ya motere ya kuvuta hewa inasukuma pistoni ndogo. Ile pistoni inarudisha pedali juu, na muguu wa shofere unasikia kama kitu kinaukataza.

Musomaji aangalie muzuri: mutambo wa kwanza haukuendesha gari. Haukumunyanganya shofere kitu. Ulikuwa sawa mukono wa mukubwa anayekugusa bega ili kukukumbusha. Ukikaza zaidi, unaweza kupita. Ni nyuma tu ndipo Ralph aliongeza sehemu ya umeme ya kufunga mwendo, ili shofere aweze kuondoa muguu kabisa. Na hata pale aliweka sheria moja: ukigusa freni kidogo tu, mutambo unaachia. Neno la mwisho lilibakia la mutu. Sheria ile iko hata mu jeep ile tulipandishwa hapa Goma.

Alibadilisha jina la mutambo mara nyingi, na mwishoni ukauzwa kwa jina la Speedostat. Mwaka wa 1958 kompani ya Chrysler iliuweka mu gari zake za Imperial, New Yorker na Windsor. Kiisha Cadillac ikaufuata, na jina ambalo Cadillac iliupa ndilo Waingereza na Wamarekani wanatumia mupaka leo. Kwa hiyo musaada wa shofere uliingia duniani kupitia mulango wa matajiri, na mulango ule haujabadilika. Freni zisizofunga magurudumu, zile tunaita ABS, zilionekana ku Mercedes ya daraja la S mwaka wa 1978. Mwaka wa 1995 ikafuata ile ya kuzuia gari isiteleze pembeni. Mwenye pesa analipa kwanza, na kisha miaka kitu kinashuka polepole kufikia gari ya kila mutu.

Kilichoshusha kazi ya Ralph kwa watu wa kawaida kilikuwa tena uhaba. Mwaka wa 1973 nchi za Kiarabu zilifunga mafuta, na mu 1974 Marekani ikaweka mwendo wa maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, ku barabara kuu zote. Watu wakaona kama gari yenye mwendo usiobadilika inakunywa kidogo, na kitufe kikaacha kuwa cha matajiri peke yao.

Ralph aliishi na kuyaona hayo yote. Jamaa iliuza Perfect Circle mwaka wa 1963. Kwa jina lake kulianzishwa tuzo ya kusaidia walimu vijana wa uenjeniere. Alikufa tarehe 15 Februari 1982, akiwa na miaka 91. Mwaka wa 1988 jina lake liliingizwa mu orodha ya watu wakubwa wa historia ya magari Marekani. Binti yake Marjorie aliandika kitabu juu ya maisha ya baba yake.

Na mukataba wa rafiki yetu?

Tulimuelezea rafiki yetu maisha haya yote. Akacheka, lakini siku iliyofuata aliomba mwenye gari amupe saa moja zaidi. Alimuweka shofere wake ku volani, yeye akakaa nyuma na kufunga macho. Walitoka Himbi, wakashika njia ya Sake, wakarudi.

Alipofungua macho, alikuwa na mambo ya kusema. Kitufe cha kushika mwendo hakikutumika mara nyingi, juu regulatere nyingi zinaomba gari ifike kwanza kilomita kama 40 kwa saa, na ku mawe yetu shofere mwenye akili hafiki pale. Kile cha mistari kilinyamaza, juu mistari nyeupe haikuwepo. Kile cha kupima umbali kililia mupaka kikachosha masikio, juu mu Goma moto haikai mbali na gari hata siku moja. Lakini freni zilimupendeza: ku muteremuko wenye vumbi, gari haikuteleza. Na kamera ya nyuma ilimusaidia kuona watoto mu parseli.

Kiisha akauliza swali ambalo hakuna kitufe kinajibu. Jiwe likivunja kioo cha mbele, mahali kamera imefungwa, ni nani analipa? Na ni makanika gani wa hapa ana masini ya kurudishia ile kamera kipimo chake? Mwenye gari alikuwa mutu mukweli. Alisema ni mwenye kukodi analipa, na kwa kipimo itaomba kuvuka mupaka.

Hatusemi kama vitufe ni bure. Mwenye kusafiri kila wiki ku lami ndefu za inchi jirani atavifurahia, na Ralph Teetor atakuwa amemutumikia. Tunasema tu kila mutu ahesabu vile vitakavyofanya kazi ku njia anayopita, na aache kulipia vile vitalala. Kipofu wa Hagerstown hakuanza na kitufe. Alianza na mwili wa mupandaji anayeumizwa na mwendo mubaya, kiisha akatafuta dawa ya jambo lile moja.

Rafiki yetu alichukua gari nyingine ya yule yule bwana: jeep isiyo mupya sana, yenye freni zile nzuri na kamera ya nyuma, bila ile mingine. Mu mukataba waliandika nani analipa kioo. Dola zilizobakia za kila mwezi alizigawanya mara mbili, sehemu moja ya pine na sehemu moja ya kuongeza mushahara wa shofere. Na alimupa shofere sharti moja, ambalo tunafikiri Ralph Teetor angelikubali: simu ikilia, gari isimame kwanza.